Picha za Sikio la Kulia

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu, Bibi Picha,

Marahaba, maana najua barua yako ijayo itaanza na shikamoo na mimi napenda kulipa mapema. Kabla hujauliza: mimi ni mzima, nakula, na sakafu imetulia.

Nasema imetulia kwa sababu wiki tatu zilizopita haikutulia. Niliamka asubuhi, nikaweka miguu chini, chumba kikaanza kuzunguka na mimi nikiwa katikati. Nikashika kitanda, kitanda nacho kikaenda na wenzake. Siku tatu nilikuwa hivyo, nikitapika kwenye ndoo na kutambaa ukutani. Siku ya nne nilipofungua karakana, Mama Vitambaa, yule mwenye duka mkabala na mimi, aliniona ninavyoyumba akadhani nimeanza ulevi uzeeni. Sikumkatalia. Mlevi anaachwa apite, lakini mgonjwa kila mtu anamletea ushauri.

Sasa nimepona. Kilichobaki ni kitu kidogo: nikilibonyeza sikio la kulia, hapa mbele karibu na shavu, dunia inapiga hatua moja pembeni halafu inarudi mahali pake. Nimelijaribu mara nyingi, ni mchezo wa ajabu. Na usaha umerudi, na ile harufu unayoijua. Nimeweka pamba, jina langu lisije likapotea bure.

Sikuandikii ili unipangie mambo ya hospitali. Nakuandikia kwa sababu ulilalamika kwamba nimepiga kimya. Kazi ipo. Cherehani nane zinanisubiri, moja ya shule ya ushonaji inaruka nyuzi na hakuna anayejua kwa nini. Jioni nafunga, naoga, nakaa na redio yangu kama kawaida. Taarifa ya habari, muziki kidogo, kisha kitanda. Maisha ya mjane wa kiume hayana mengi ya kusimulia.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Pamba


Tarehe 14 Februari

Kaka Pamba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya hospitali, kisha nikatafuta kiti nikaisoma tena. Mtu chumba kinamzunguka siku tatu, anaandika kama anasimulia vichekesho.

Nimeongea na daktari wa masikio wa hapa kwetu. Nilipomwambia ukibonyeza sikio dunia inahama, hakucheka. Aliuliza mambo mawili tu: usaha una miaka mingapi, na sikio la pili linasikiaje. Nikamjibu kwamba usaha una miaka arobaini, na sikio la kushoto lilikufa ukiwa darasa la nne. Akaandika "haraka" kwenye karatasi na kupigia mstari chini yake.

Ngoja nikueleze, maana wewe ni fundi, ukielewa mashine hutaiogopa. Ndani kabisa ya sikio kuna mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Ndani ya mfupa huo kuna vijifereji vya maji vinavyotuambia tumesimama au tumelala, na pembeni yake kijumba kilichojiviringa kama cha konokono, hicho ndicho cha kusikilizia. Usaha wa miaka mingi mara nyingine unaficha ngozi iliyoota mahali pasipo pake, na ngozi hiyo inakula mfupa polepole. Ikitoboa mfereji, unapata hiyo dunia yako inayopiga hatua. Ikiingia kwenye kijumba cha konokono, unapoteza sikio ulilobaki nalo. Ikiendelea juu, inafika kwenye ubongo, na hapo sitaki kuandika zaidi. Skani yetu inaupiga picha mfupa huo kipande kwa kipande, kila kimoja chembamba kama ukucha, bila kisu. Mpiga picha utakuwa unamjua.

Nafasi yako ni tarehe 27. Usiniletee habari za cherehani nane. Utalala kwangu. Shemeji yako amesafiri kikazi, kwa hiyo nyumba ina nafasi ya kutosha. Anakusalimu.

Mdogo wako


Tarehe 5 Machi

Bibi Picha,

Nimefika salama, na Mama Vitambaa amenipokea kwa kunikagua miguu kama naweza kusimama. Ahsante kwa kitanda, kwa chakula, na kwa shuka mpya ambazo uliniambia ni za zamani.

Mashine yako nimeipenda. Inazunguka bila kutikisika, aliyeifunga anajua kazi. Samahani tu kwamba mlipomaliza mlinikuta bado nimelala pale ndani, mpaka ukaja kunishika bega. Lazima nilisinzia. Kile kipimo cha kusikia sikukifanya, nilikuta foleni nikaona nisikucheleweshe. Fomu ninayo, tutaifanya siku nyingine.

Sasa nina swali. Kabla ya picha ulikuwa unanitania, unaniuliza kama nimevaa soksi zinazofanana. Ulipotoka nyuma ya kile kioo ulikuwa mpole kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Na asubuhi yake kituoni ndiyo sikukuelewa kabisa. Ulinishika mkono, ukanitazama kidogo, ukageuka ukaenda zako. Hata basi halijawashwa. Mimi na wewe tumeagana vituoni miaka mingi, na siku zote unasubiri mpaka nipotee. Uliona nini kwenye picha hizo? Niambie. Ni sikio langu, si la jirani.

Msalimie shemeji akirudi. Mwambie nilikalia kiti chake cha sebuleni, kina springi inayochoma upande wa kushoto, nikija tena nitakitengeneza.

Kaka yako,
Pamba


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Barua nimeipata.

Kuhusu picha, unajua kanuni ya kazi yangu, nimekueleza tangu nikiwa mwanafunzi: anayepiga picha hasomi picha. Majibu yanatoka kwa daktari. Nikianza kuwaambia watu ninachoona nyuma ya kioo, nitafukuzwa, na itakuwa haki. Wewe ni mgonjwa kama wengine.

Daktari anataka picha ya pili, ya mashine ya sumaku. Ya kwanza inaonyesha mfupa, hii inaonyesha maji ya ndani. Maji hayo yakishaguswa na ugonjwa huanza kuganda, na baadaye yanageuka mfupa, kwa hiyo picha hii haitakiwi kungoja. Anataka pia kipimo cha kusikia. Nafasi ni tarehe 2 Aprili. Nyuma ya hospitali kuna nyumba ya wageni, ni safi na mwenye nyumba ni mtu wa heshima. Mimi nitakuwa zamu.

Salamu zako kwa shemeji nimeziona, na habari ya kiti pia. Sikutegemea ungeandika vile. Lakini kila mtu ana namna yake ya kupokea mambo, na pengine mimi ndiye niliyetarajia makubwa.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Nyumba ya wageni. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, nikaiweka barua chini ya pasi nikaendelea na kazi, nikaitoa nikaisoma tena. Umeniandikia bila hata shikamoo. Siidai, nakuonyesha tu kwamba nimeona.

Sijui nimekosa nini. Kama ni lile la kiti, nilikuwa natania, na springi kweli inachoma. Kama nilikula sana, sema. Kama kunikalisha siku tatu kulikuchosha, hilo nalo linasemeka kati ya watu waliolala kitanda kimoja wakiwa watoto. Lakini kunipangia mwenye nyumba wa heshima kana kwamba mimi ni fundi wa kupita, hilo limenikata maini.

Tarehe 2 sitakuja. Kazi ni nyingi, na sikio limetulia, halinisumbui. Nalibonyeza mara moja moja tu. Mama Vitambaa naye amenuna, anasema nimekuwa na maringo, ananisalimia simjibu. Naona mwaka huu wanawake wote wamepanga kunichoka.

Pamba


Tarehe 15 Aprili

Kaka,

Nafasi yako ya tarehe 2 ilipita. Daktari amekuandikia, barua yake iko ndani ya bahasha hii. Ameandika kwamba mfupa umeliwa, na kwamba hatari ni ya kweli. Amekuwekea nafasi nyingine mwezi huu. Isome mwenyewe. Sitakubembeleza, maana niliwahi kuongea nawe kwa moyo wote na jibu lako nililiona.

Mdogo wako


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua ya daktari mwezi mzima na siku kadhaa kwenye droo ya sindano. Nilikuwa nimekusudia kukununia mpaka mwisho wa mwaka, na ningeweza, unanijua. Lakini juzi limenikuta jambo na siwezi kuendelea kujitia hamnazo.

Nilikuwa nimekaa jioni mbele ya redio. Mama Vitambaa akaingia bila kubisha, au pengine alibisha sana, akaenda moja kwa moja akaizima. Nikamuuliza ana nini. Midomo yake ikaenda haraka mno, sikuikamata. Akatafuta karatasi, hakuona, akachukua chaki ya kushonea akaandika juu ya meza yangu ya kazi, herufi kubwa: REDIO YAKO HAINA STESHENI. INAPIGA KELELE TU. MWEZI MZIMA MTAA HAULALI. Kisha akanitazama, nikaona uso wake unabadilika. Akaandika chini yake, taratibu: HUSIKII. Wala hakuweka alama ya kuuliza.

Ni kweli. Tangu ile asubuhi ya sakafu sijasikia kitu. Si kidogo, si kwa mbali. Hakuna. Redio naiwasha kwa sababu saa ile nimezoea kuiwasha, na nikiweka kiganja juu yake inatetemeka, nikawa najiambia ule ni muziki. Cherehani nazisikiliza kwa vidole. Ile ya shule ya ushonaji nimeipata, ilikuwa ndoano imelegea, nimeijua kwa kucha. Watu nawasoma midomo, na wakiongea wengi nacheka wanapocheka.

Hospitalini kwako hakukuwa na foleni yoyote. Chumba cha kipimo kilikuwa wazi na yule dada alinikaribisha kwa mkono. Niliogopa, nikaitia fomu mfukoni. Naituma humu ndani, bado ina mkunjo. Na ndani ya skani sikusinzia. Nadhani uliniambia niamke kupitia kile kipaza sauti, na mimi nikawa natazama dari nangoja.

Kwako nilijikaza kisabuni siku tatu. Ukinitazama usoni nilikuwa naelewa karibu yote, mdomo wako nimeuzoea tangu haujaota meno. Ukigeuka, basi. Ukiwa kwenye sinki jioni ile ya mwisho niliona mabega yako yanakwenda nikadhani unaimba, maana utotoni ulikuwa unaimba ukiosha vyombo. Nikaenda kulala nikiwa na furaha kwamba bado unaimba.

Sikutaka ujue. Ulinipigania sikio hili miaka arobaini. Mama alipokuachia kazi ya kulikausha kila jioni, ulikuwa na miaka saba na ulifunga pua kwa kitambaa lakini ulifanya. Nilijua ungejilaumu. Na nilijua ungesema nihamie kwako, kwa huruma, na shemeji angekubali kwa adabu, na mimi ningekuwa mzee wa pembeni mnayempigia kelele mezani.

Kama nilikukosea siku zile, ujue sikujua. Nieleze tu nilifanya nini.

Kaka yako,
Pamba


Tarehe 28 Mei

Kaka yangu, shikamoo. Shikamoo mara zote nilizokunyima.

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikakaa sakafuni. Mwenzangu wa zamu alidhani nimefiwa.

Shemeji yako hayupo. Hakusafiri. Aliondoka miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane, na masanduku mawili, ana nyumba nyingine na mtu mwingine. Sikumwambia yeyote. Nimekuandikia salamu za mtu asiyekuwepo kwa miaka miwili kwa sababu ulimpenda, na kwa sababu niliona aibu. Jioni ile nilikusudia kukwambia. Sikuweza kukutazama, ndiyo maana nilingoja wakati wa kuosha vyombo. Nilisema yote nikiwa nimekupa mgongo, nikageuka, ukawa umeshakwenda kulala. Hukusema pole. Hukusema neno. Wiki moja baadaye ukaandika nimsalimie shemeji na kwamba utamtengenezea kiti. Kaka, nilidhani unanicheka. Nikakuchukia, kidogo kidogo, kila siku niliporudi nyumbani.

Mimi ninayelipwa kuona mfupa ulio ndani ya mfupa sikuona kwamba kaka yangu aliyelala mbele yangu hasikii. Nilikuita mara nne kwenye kipaza sauti. Mara nne. Nikacheka, nikasema huyu mzee amelala.

Na sasa kanuni iende zake. Nilichoona nyuma ya kioo ni hiki: mfereji wako wa sikio la kulia, ule wa pembeni, ulitakiwa kuwa na ukuta mweupe mzima. Ukuta una tundu. Ngozi imefika hapo, na juu yake kipande cha mfupa unaotenganisha sikio na ubongo kimebaki chembamba kama ganda la kitunguu. Niliona ndani ya dakika moja. Ndiyo maana nilitoka mpole.

Ila ukuta wa konokono ulikuwa mzima. Wasiosikia kabisa wanaweza kuwekewa kifaa, waya mwembamba unaoingizwa ndani ya kijumba kile, na wengi wanasikia tena. Sharti moja: ndani kuwe bado na maji. Sijui kwako kama yapo. Ugonjwa ulipita humo mwezi wa kwanza, na hii ni Mei.

Usijibu barua hii. Ukishaisoma, panda basi. Kitanda ni kilekile.

Mdogo wako


Tarehe 9 Juni

Kaka yangu,

Muuguzi atakupa karatasi hii. Niko ghorofa ya chini, upande wa mashine, wewe uko wodini juu, na mdomo wangu huu unaousoma vizuri hautaweza. Bora nikuandikie.

Daktari atakuja kesho na mkalimani wa karatasi na michoro. Atakwambia kwa utaratibu. Mimi nakwambia leo, kwa sababu jambo hili sitaki ulipate kwa mgeni.

Kwenye picha ya sumaku maji yanaonekana meupe, yanang'aa. Mtu mwenye sikio zima ana kile kijumba cha konokono cheupe chote, mizunguko miwili na nusu, ni kitu kizuri kukitazama. Cha kushoto chako ni giza tangu zamani, tulijua. Cha kulia nimekitafuta nikadhani nimekosea kipande. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Ni giza pia. Kuna chembe ya weupe kwenye ncha, ndogo kuliko kichwa cha pini. Kwingine kote kumeziba. Waya hauna pa kupita.

Nilimuuliza daktari kuhusu Aprili. Akasema, labda. Naiandika hiyo labda kwa sababu tumefichana mambo ya kutosha. Ungekuja tarehe 2 labda pangekuwa na nafasi. Na hukuja kwa sababu nilikuandikia habari ya nyumba ya wageni.

Upasuaji ni Alhamisi. Watatoa ule ugonjwa wote na kuziba tundu, ili usifike kwenye ubongo. Huo ni wa kukuweka hai, na daktari ana uhakika nao. Kusikia hakutarudi.

Samahani kaka. Sijui neno jingine.

Mdogo wako


Tarehe 9 Juni, wodini

Mdogo wangu,

Nimelia. Nakwambia ili usije ukamuuliza mzee wa kitanda cha pili, yeye atatia chumvi. Nimelia sana, kwa sauti nadhani, maana wodi nzima iligeuka. Nilikuwa na tumaini na sikukwambia. Ndani ya basi nilikuwa nimeshachagua kitu cha kwanza nitakachosikiliza.

Sasa sikiliza. Hizo wiki tisa tangu tarehe 2 Aprili tulinuna wote wawili. Wewe uliandika nyumba ya wageni, mimi nikaweka barua ya daktari kwenye droo ya sindano na kuifunga kwa ufunguo. Wewe ulisema ukinipa mgongo, mimi nikatia fomu mfukoni. Ukitaka kuubeba wote peke yako nitakasirika, na safari hii nitanuna kweli.

Alhamisi uwepo. Simwamini mtu mwingine kunishika bega.

Pamba


Tarehe 3 Julai, jikoni kwako

Mdogo wangu,

Umekwenda zamu nikiwa bado nimelala, umeacha chai kwenye chupa na uji umefunikwa. Ahsante. Naandika hapa mezani, kidonda kinawasha na bendeji imenifanya nifanane na kifurushi. Nimetembea kutoka chumbani hadi hapa bila kushika ukuta, isipokuwa mara mbili.

Nyumba yako nimeizunguka yote. Nimefungua kabati la masufuria nikalifunga. Nimekaa dirishani nikatazama watu wanafungua midomo barabarani. Sikujua siku inaweza kuwa ndefu hivi bila kitu kinachoigonga. Nikiwa karakana angalau nilikuwa na mtetemo wa cherehani mikononi. Hapa nashika meza, na meza haina la kusema.

Daktari jana ameandika kwenye ubao wake kwamba wiki ijayo naweza kusafiri. Niliona ukisoma ubao ule, ukatazama pembeni.

Kuna jambo linanikera tangu barua yako ya Mei. Ulisema uliniambia yote jioni ile kwenye sinki. Umeniandikia moja tu, la shemeji. Lakini mabega yale niliyatazama. Uliongea muda mrefu, na mwisho ulisimama, mikono ikatulia, kama mtu anayengoja. Hapo ndipo niliponyanyuka nikaenda kulala. Mtu akishamaliza kusimulia hasimami vile. Niliacha swali hewani.

Niandikie. Karatasi ipo, na mimi siendi popote mpaka jioni.

Kaka yako


Tarehe 3 Julai, hapahapa mezani

Kaka,

Umekaa mbele yangu unajifanya unatazama nje. Naandika hivyohivyo.

Nilisema ameondoka. Nikasema mwanzoni nilifurahia utulivu, kisha nikaanza kubaki hospitali saa nzima baada ya zamu, nikipanga vitu vilivyokwisha kupangwa, kwa sababu naogopa kufungua mlango huu. Nikasema siku nyingine mtu wa kwanza kuongea nami ni mgonjwa wa kwanza, na namwambia alale chali na asitikisike, na hayo ndiyo maongezi yangu ya siku. Nikasema ulipokuja nilisikia mtu anakohoa chumba cha pili nikalala usingizi ambao sijaulala miaka miwili.

Halafu nikakuuliza. Nilisema, kaka, usirudi kesho. Kaa hapa na mimi. Si kwa ajili ya sikio lako, sikuwa nimekumbuka hata sikio. Ni kwa ajili yangu. Nikafunga bomba ili nisikie utakavyojibu, nikasikia mlango wa chumba chako unafungwa.

Ndilo swali. Nimeuliza tena.

Mdogo wako


Mdogo wangu,

Nageuza karatasi yako hiihii.

Nitarudi mara moja tu. Kuna cherehani tatu za watu zimebaki, kuna ufunguo wa mwenye karakana, na Mama Vitambaa lazima nimuage mwenyewe, hawezi kuagwa kwa barua. Siku nne. Halafu sitakwenda tena popote.

Kaka yako